Herufi Moja Kwenye Lebo: Historia ya RAM Inayokataa, Kutoka Bandarini Hadi Shinyalu

Kuongeza RAM kwenye laptopu huonekana kuwa kazi ndogo kuliko zote anazoletewa fundi wa kompyuta. Skrubu chache zinafunguliwa, kifuniko kinainuliwa, kipande chembamba chenye urefu wa kidole kinasukumwa mahali pake mpaka vishikizo viwili vya pembeni vibane, kazi imekwisha. Kwa hiyo mashine inapokaa giza baada ya hapo, feni inazunguka lakini kioo hakionyeshi kitu, mwenye mali hukimbilia kumlaumu fundi: ameichoma, hajui kazi, au amenyofoa kizima akarudisha kibovu. Ninadai kwamba lawama hiyo, kwa sehemu kubwa, inamwangukia asiyestahili. Katika masoko ya Magharibi ya Kenya kama Shinyalu na Khayega, RAM iliyokataa ina chanzo chake katika historia kabla haijawa kosa la mtu. Chanzo hicho ni jinsi kompyuta zilivyotufikia: zimekwisha kutumika, zimechanganyika miaka, na hazina karatasi zake. Na namna mafundi walivyojifunza kuisaka hitilafu hiyo ni utaratibu wa uchunguzi wenye mizizi mirefu, unaostahili kuandikwa kama tunavyoandika habari za useremala na uhunzi.

Mizizi hiyo inaonekana vizuri tukitazama mahali penyewe. Shinyalu iko katika nchi ya Waisukha, kati ya barabara ya Kisumu–Kakamega na msitu wa Kakamega, na watu wengi nje ya kaunti huijua kwa mapigano ya mafahali. Lakini eneo hili limezungukwa na historia ya ufundi kwa zaidi ya karne moja. Kusini mwa msitu, Kaimosi, Wakweka wa Kimarekani walifungua misheni yao mwaka 1902 na kuiita wazi misheni ya viwanda, kwa maana mafundisho ya dini yalikwenda sambamba na kupasua mbao na kujenga. Wakatoliki wa Mill Hill walifika Mukumu mwaka 1906. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, wachimbaji walimiminika, na mgodi wa Rosterman ukaendeshwa mpaka miaka ya 1950 kwa mitambo iliyotoka mbali na kuharibikia hapa. Baadaye, ripoti ya Baraza la Makanisa la Kenya ya mwaka 1966 kuhusu vijana waliomaliza shule bila kazi ilizaa vyuo vya ufundi vya vijijini, na kando ya barabara ya Kisumu chuo cha Sigalagala kikakua hadi kuwa chuo cha kitaifa cha ufundi. Katika hatua zote hizo fundi alirithi hali moja: mashine imebuniwa kwingine, spea haipatikani karibu, na aliyeiunda hayupo wa kuulizwa. Aliyekarabati redio za transista katika miaka ya 1960 na 1970 alifanya kazi bila mchoro wa saketi. Alianzia kwenye spika akarudi nyuma hatua kwa hatua, akipima betri, waya, kisha sehemu moja moja, hadi afike mahali sauti inapopotelea. Simu za mkononi zilipoenea baada ya mwaka 2000, meza na chuma cha kulehemu vilikuwa tayari vipo. Kompyuta ilipofika sokoni, ilikuta utaratibu wa kufikiri unaoisubiri.

Ilifikaje? Shirika la Computers for Schools Kenya lilianza Nairobi mwaka 2002, likipokea kompyuta zilizokwisha kutumika, kuzikarabati na kuzipeleka shuleni. Kakamega, chuo kilichoanza mwaka 1972 kwa michango ya wananchi wa Magharibi kilifanywa chuo kikuu kamili kwa sheria ya mwaka 2006, ndicho Masinde Muliro, na maelfu ya wanafunzi wake wakahitaji mashine za bei wanayoiweza. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika pwani ya Kenya mwaka 2009. Mamlaka ya kusambaza umeme vijijini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006, kisha mradi wa Last Mile wa mwaka 2015, ziliufikisha umeme kwenye masoko mengi madogo. Serikali nayo ikahamishia huduma zake mtandaoni: eCitizen ilifunguliwa mwaka 2014, marejesho ya kodi yakaingia iTax, na mkulima ambaye hakuwahi kufikiria kompyuta akajikuta hawezi kupata cheti wala namba ya kodi bila kupita kwenye saiba. Saiba hizo na wanafunzi hao hawakununua mashine mpya. Walinunua zile ambazo wauzaji wa Nairobi huziita ex-UK, zilizotolewa na ofisi za Ulaya baada ya miaka michache ya kazi.

Sababu ya ofisi hizo kuzitoa ndiyo iliyoamua kazi ya fundi wa Khayega. Windows XP ya mwaka 2001 iliridhika na megabaiti 128. Vista, iliyotoka mwanzoni mwa 2007, ilitaka gigabaiti 1 ili itulie. Windows 7 ya mwaka 2009 ilitaka gigabaiti 2 kwa toleo la biti 64. Mwezi Aprili 2014 Microsoft iliacha kuihudumia XP, na mashine zilizokuwa zikiitumia zikapoteza thamani huko zilikokuwa. Kila hatua kama hiyo ilisukuma wimbi la kompyuta nzima lakini nzito kuelekea kwetu, na dawa ya uzito huo ilikuwa moja na nafuu: ongeza RAM. Kwa hiyo upungufu wa kumbukumbu haukuwa ajali kwenye mashine za mitumba. Ulikuwa sababu ya mashine hizo kuwa mitumba. Anayeshangaa kwa nini kazi hii ilikuwa riziki ya kila siku ya mafundi wetu na aanze kushangaa hapo.

Tatizo ni kwamba RAM haikukaa aina moja. Msingi wake uliwekwa na Robert Dennard wa IBM katika miaka ya 1960: transista moja na kapasita moja ndogo sana kwa kila biti, na kwa kuwa kapasita huvuja, lazima ijazwe upya mara nyingi kila sekunde. Msingi haukubadilika, lakini umbo la kipande, volti zake na lugha yake ya kuwasiliana na bodi kuu vilibadilika tena na tena. RAM ya laptopu ya aina ya SDRAM ilikuwa na pini 144. DDR na DDR2 zote zilikuwa na pini 200, pengo la katikati limesogezwa kidogo tu, moja ikila volti 2.5 na nyingine 1.8. DDR3 iliyoidhinishwa mwaka 2007 ina pini 204 na volti 1.5, DDR4 ya mwaka 2014 ina pini 260 na volti 1.2, DDR5 ya mwaka 2020 ina pini 262. Ofisi ya London iliyonunua mashine mia moja siku moja kutoka kampuni moja haikuhitaji kujua lolote kati ya haya. Meza ya fundi sokoni, yenye mashine za miaka kumi tofauti na kopo la RAM zilizotolewa kwenye mashine zilizokufa, ililazimika kuyajua yote kwa pamoja.

Kesi inayoonyesha jambo hili waziwazi kuliko zote ni ya DDR3 na ndugu yake DDR3L. Vipande hivi viwili vina pini sawa, urefu sawa, na pengo mahali pale pale. Kimoja kinaingia kwenye nafasi ya mwenzake bila kusukumwa kwa nguvu. Tofauti ni kwamba cha pili kimetengenezwa kufanya kazi kwa volti 1.35. Laptopu za Intel za kizazi cha tatu, mwaka 2012, zilitumia volti 1.5 na kwa kawaida zilivipokea vyote viwili. Za kizazi cha nne, zilizoanza kutoka mwaka 2013, zilibuniwa kwa volti 1.35 peke yake ili betri idumu. Chukua basi RAM nzima kabisa kutoka Dell Latitude E6430, ipachike kwenye Latitude E6440 inayofanana nayo kwa sura na kupishana nayo mwaka mmoja tu: uwezekano mkubwa ni kwamba mashine haitaonyesha kitu, au italia milio ya kulalamika. Hakuna kilichoungua. Hakuna kilichoibwa. Onyo pekee liko kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye kipande, ambapo cha kwanza kimeandikwa PC3 na cha pili PC3L. Herufi moja, katika maandishi madogo, kwenye lebo ambayo mara nyingi imebanduka au kufutika baada ya miaka kadhaa na mikono mingi. Mwenye duka la Ulaya hupata orodha ya RAM zinazokubalika pamoja na mashine. Aliyenunua mashine hiyo hiyo baada ya kupita mikono mitatu hana orodha, na hata mkoba wake si wa mashine hiyo.

Kuna aina nyingine ya kukataa, ambapo RAM imekubali lakini mteja haamini. Katika zama za Vista na Windows 7 mashine nyingi zilikuja na toleo la biti 32, ambalo haliwezi kutumia zaidi ya anwani za gigabaiti 4, na sehemu ya anwani hizo huchukuliwa na kadi ya picha na vifaa vingine. Mtu alilipia gigabaiti 4 akaonyeshwa 3 na kitu. Hata kubadilisha toleo la Windows hakukusaidia kila mara, kwani baadhi ya bodi za wakati huo, kama zile zenye chipuseti ya Intel 945, zilikuwa na ukomo huo ndani yake zenyewe. Fundi asingeweza kuurekebisha ukomo huo kwa bisibisi, ila kwa maneno, na maneno hayo ni magumu kuyasema kwa mtu aliyekwisha kutoa pesa.

Sasa tutazame utaratibu wenyewe ambao mafundi wameufikia. RAM mpya ikikataa, hatua ya kwanza ni kuitoa na kurudisha ya zamani. Ikiwaka, bodi kuu imeondolewa shaka. Kisha RAM mpya huwekwa peke yake, katika nafasi ya kwanza, halafu ya pili, ili ijulikane kama kasoro iko kwenye kipande au kwenye nafasi. Betri hutolewa na kitufe cha kuwashia hubonyezwa kwa muda ili umeme uliosalia utoke. Fundi husikiliza: Dell nyingi za miaka hiyo hulia mara mbili zisipoona RAM na mara nne RAM ikiwa mbovu, na baadhi ya HP humulika taa ya herufi kubwa badala ya kulia. Na kabla ya kukata tamaa, pini husuguliwa kwa raba ya mwanafunzi. Hatua hii ya mwisho huwachekesha waliosoma, lakini ina sababu nzuri mahali hapa. Maeneo yanayozunguka msitu wa Kakamega hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu ndani ya mashine hauepukiki. Pini za RAM hupakwa dhahabu nyembamba mno. Dhahabu yenyewe haishiki kutu, lakini uchafu, jasho la vidole na utando unaochipuka kutoka kwenye metali zilizo chini yake hutosha kukata mguso wa pini moja, na pini moja tu ikikosa kugusa, mashine huenda isiwake. Raba huondoa utando huo. Ni kweli pia kwamba raba hukwangua dhahabu kidogo kila inapopita, na spiriti ya kusafishia ingekuwa salama zaidi. Mbinu hii huokoa mashine ya leo kwa gharama ndogo ya maisha yake ya kesho, na kwa mteja anayesubiri kuwasilisha kazi ya chuo hesabu hiyo si ya kipumbavu.

Mpinzani atasema kwamba ninapamba kubahatisha. Fundi anatoa, anarudisha, anasugua, anajaribu tena. Hiyo ni bahati nasibu, si elimu. Pingamizi hili lina nguvu, lakini linachanganya mambo mawili. Anayebahatisha hubadilisha vitu vitatu kwa mpigo, na mashine ikiwaka hajui ni kipi kilichoiponya. Utaratibu nilioueleza hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na huacha jibu baada ya kila hatua, na huo ndio msingi wa uchunguzi popote pale, maabarani au kibandani. Ninachokubali ni kwamba si kila fundi huufuata. Wapo wanaopachika RAM betri ikiwa ndani, wapo waliovunja vishikizo vya plastiki kwa kulazimisha DDR2 pahala pa DDR, na wapo wasiojua kwamba chaji tuli ya mwili inaweza kuiua chipu bila kuonyesha cheche. Lakini udhaifu huo unatokana na elimu kupitishwa kwa kutazama tu. Kenya imekuwa na mitihani ya ufundi ya daraja la III, II na I kwa miongo mingi, na waashi na mafundi magari wengi wasio na shule ndefu wameipata heshima yao kwa njia hiyo. Fundi wa kompyuta wa sokoni alichipuka wakati ambapo elimu ya kompyuta ilifikiriwa kuwa ya darasani peke yake, akabaki nje ya milango yote miwili: hana cheti cha chuo na hana karatasi ya ufundi. Waraka wa serikali wa mwaka 1992 kuhusu jua kali uliandikwa ukiwafikiria wafua vyuma na maseremala, na haungeweza kumwona mtu ambaye hajazaliwa bado.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwa sababu linagusa uaminifu: kwamba mafundi huiba RAM. Hofu hii imeenea, na haikosi msingi, kwani RAM ni kitu kidogo, cha thamani, kinachotoka na kuingia mashine nyingine bila alama. Hata hivyo historia niliyoieleza inaonyesha kwa nini shutuma hizo huzidi wizi wenyewe. Mashine inayokataa RAM mpya, ikaonyesha gigabaiti pungufu, au ikawaka leo na kuzima kesho kwa sababu ya pini chafu, hutoa dalili zile zile ambazo wizi ungetoa. Mteja hana njia ya kutofautisha. Ndipo zikazuka desturi ambazo sasa ni sehemu ya kazi: kufungua mashine mbele ya mwenyewe, kumwonyesha ukubwa wa RAM kwenye skrini kabla na baada, kubandika kikaratasi chenye tarehe juu ya kipande au skrubu. Desturi hizi hazikuamriwa na sheria yoyote. Zimeundwa na watu waliojua kwamba jina baya katika soko dogo humaliza biashara.

Wengine watakwenda mbali zaidi na kusema kosa ni kuruhusu mitumba kabisa. Afrika Mashariki imeijaribu njia ya marufuku. Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, baada ya mfumo wa hesabu za serikali kuiletea hasara, na ikachelewa kuunda mafundi wake. Uganda mwaka 2009 ilitangaza marufuku ya vifaa vya umeme vilivyotumika, kisha ikailegeza kwa kompyuta. Wasiwasi wao ulikuwa wa haki. Mkutano wa nchi za Mkataba wa Basel uliofanyika Nairobi mwishoni mwa 2006 ulitoa tamko kuhusu taka za elektroniki, na tangu tarehe 1 Januari 2025 taka hizo zote haziruhusiwi kuvuka mipaka bila ridhaa ya nchi inayozipokea. Ninaunga mkono ulinzi huo kwa moyo wote, maana risasi na zebaki kwenye mito ya Isukha si jambo la kufanyia mzaha. Lakini laptopu inayoongezwa RAM ikafanya kazi miaka mitano zaidi imecheleweshwa kuwa taka kwa miaka hiyo mitano, na anayeichelewesha ni huyu huyu fundi tunayemlaumu. Kopo lake la RAM kuukuu ni ghala la spea, na sehemu iliyotolewa kwenye mashine mfu huendelea kufanya kazi katika mashine hai.

Kinachotishia kazi hii kweli hakitoki sokoni. Kinatoka kwa wabunifu. MacBook Air ya mwaka 2008 ililehemiwa RAM yake moja kwa moja kwenye bodi, na miaka ilivyosonga watengenezaji wengine wakafuata. ThinkPad T440s ilikuja na sehemu ya RAM imelehemiwa na nafasi moja tu iliyo wazi. Mwaka 2024 ilitoka ThinkPad P1 yenye kipande kipya cha LPCAMM2, kinachorudisha uwezo wa kubadilisha RAM hata kwenye mashine nyembamba, lakini mashine za namna hiyo zitachukua muda mrefu kushuka hadi bei ya mwanafunzi wa Kakamega. Zitakazotufikia kwanza ni nyingine. Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi laptopu nyingi zilizotengenezwa kabla ya kizazi cha nane cha Intel. Ofisi za Ulaya zinazitoa kama zilivyotoa za XP mwaka 2014. Miongoni mwao ni mashine za kizazi cha sita, za mwaka 2015, ambacho prosesa zake zilibuniwa kuweza kutumia DDR3L au DDR4, kila mtengenezaji akachagua yake kwa kila bodi. Jina la prosesa pekee halitamwambia fundi aagize RAM gani kutoka Nairobi. Itambidi afungue kifuniko kwanza na kusoma lebo, kisha amweleze mwenye mashine, aliyesimama pale pale, kwa nini hawezi kumtajia bei kabla ya kufanya hivyo.